Segunda ni ya ngapi?

Jana usiku, baada ya kufunga duka, nilichora ratiba ya kujifunza lugha nyuma ya daftari la madeni. Ile ya mwaka jana, ya Kifaransa, ilikuwa ya saa mbili kila usiku. Ilidumu siku nne. Siku ya tano nilisinzia juu ya kitabu, wifi akanifunika khanga na kuzima taa.

Safari hii ni Kireno. Wateja wetu kutoka Msumbiji, wale wa Palma tunaelewana kwa Kiswahili, lakini wa Nampula huja na karatasi za Kireno mimi nikabaki kukodoa macho. Tena nilijiambia ni lugha rahisi: mimi nauza parafujo, wao wanasema parafuso. Bomba ni bomba. Meza, leso na bendera tulivipata kwao.

Kisha nikasoma kwamba Wamarekani, wanapowafundisha wanadiplomasia wao, hukiweka Kireno kwenye kundi la lugha nyepesi kabisa, na bado hukitengea saa 600 mpaka 750 za darasani. Mimi nina dakika 25 asubuhi kabla ya kufungua duka, siku sita kwa wiki. Nikachukua kikokotoo cha dukani: hata kwa zile saa 600, ni wiki 240. Miaka minne na nusu na ushei! Nilicheka peke yangu. Lakini wao hawakurithi parafujo, kwa hiyo nikajipunguzia kidogo.

Kasheshe lilianza kwenye majina ya siku. Segunda-feira, yaani ya pili, ni Jumatatu. Terça-feira, ya tatu, ni Jumanne. Wao wanahesabu kuanzia Jumapili, sisi Jumamosi, basi kila siku tunapishana kwa moja. Nilifuta mara tatu, vitenzi vya Jumanne vikahamia Jumatatu, karatasi ikatoboka. Nilipofika quinta-feira, ya tano, nikasita. Alhamisi! Hilo jina tulilichukua kwa Waarabu, nao huanzia Jumapili, na maana yake ni ya tano vilevile. Siku pekee ambayo mimi na Mreno tunataja namba moja.

Alhamisi nimeipa ile sauti ya "pão" na "não", inayopitia puani na kunishinda.

Leo Jumatano, quarta-feira, nimesoma dakika kumi na moja. Fundi amegonga mlango, anataka misumari ya bati.