Kichwa kingine cha windrowa: upana usubiri

Kichwa cha windrowa, yaani sehemu ya mbele ya mashine inayokata mazao na kuyalaza kwa mistari, kikichakaa, swali la kwanza huwa ni upana wa futi ngapi. Mimi ningeanza na zao.

Kwa luseni na majani mazito yaliyolala, kichwa cha diski, chenye sahani zinazozunguka na visu ukingoni, hakina mpinzani. Hakisakamwi ovyo, na kinakwenda kilomita 15 kwa saa pale ambapo baa ya visu, inayokata kwa kwenda na kurudi kama mkasi, ingekwisha kuzidiwa. Lakini ngano au kanola ya kulazwa ikaukie shambani usiipeleke kwenye diski, itapukutika. Hiyo ni kazi ya baa ya visu na mikanda ya turubai, inayobeba mazao taratibu mpaka kwenye mwanya wa kati.

Ukishaamua diski, hesabu mafuta ya haidroliki, yale yanayosukumwa na pampu ya mashine kuzungusha mota ya kichwa, kabla ya kutoa pesa. Soma kibao cha mota. Mota ya sentimita za ujazo 100 kwa mzunguko, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inataka lita 200 kila dakika, na zaidi kidogo kwa yale yanayopenya ndani kwa ndani. Kwa shinikizo la bar 250, zidisha 200 kwa 250, gawa kwa 600: kilowati 83, za kichwa peke yake. Pampu ikiwa ndogo hutaijua uani, kwa sababu bila mzigo kila kitu huzunguka vizuri. Utaijua kwenye majani mazito: kasi inashuka, mashina yanachanwa badala ya kukatwa, mafuta yanachemka.

Na ule mpira mwembamba unaorudisha mafuta ya ndani ya mota, uende tangini moja kwa moja. Ukiunganishwa na njia kuu ya kurudi, au kapla yake (kiungio cha mpira) isipokaa sawasawa, shinikizo linasukuma nje sili ya shafti, ule mpira unaozuia mafuta kuvuja. Watu hulaumu sili, wanaweka nyingine, nayo inaruka.

Uzito nao. Kichwa cha diski chenye rola za kuponda mashina kinaweza kuwa kizito kuliko springi zinazokibeba zinavyomudu. Kitaburuza, sahani zake za chini zitalika, nacho kitachota udongo kuutia kwenye majani. Tena magurudumu ya nyuma yatakuwa mepesi na mashine itayumba barabarani. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Kama ni mtumba, zima injini, chomoa ufunguo, funua pazia la kinga, uzungushe diski kwa mkono polepole. Visu vya diski jirani vipishane. Vikigusana, gia za ndani zimeruka. Mkono ukihisi mchanga, beringi imekwisha. Mwaga kidogo mafuta ya baa ya diski, lile sanduku la gia lililo chini yake: meupe kama maziwa, maji yameingia, yenye vipande vinavyong'aa, acha kichwa hapohapo.

Rola za mpira zitazame kingo, zikimenyeka vipande hazipondi tena. Kupima mwanya wake, viringisha karatasi ya alumini iwe kama kidole, ipitishe kati ya rola kwa kuzizungusha kwa mkono, kisha pima unene uliobaki. Luseni hutaka milimita 1.5 hadi 2.5 hivi.

Sasa upana. Mita 5 za diski kwa kilomita 15 kwa saa, ukitoa asilimia 20 ya kugeuka na kusimama, ni hekta 6 kwa saa. Mita 7.5 za baa ya visu kwa kilomita 9, ukitoa kiasi kilekile, ni hekta 5.4.