Namna Nilivyopata Ufadhili wa Kusoma Nyaraka za Kale Nchini Korea

Utafiti wangu unahusu njaa iliyokikumba kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea, katika miaka ya 1790, wakati wa utawala wa Mfalme Jeongjo. Wanaoifahamu habari hiyo huifahamu zaidi kwa sababu ya Kim Mandeok, mwanamke mfanyabiashara aliyetoa mali yake ili nafaka inunuliwe bara na watu wa kisiwa waokolewe. Mfalme alipotaka kumtunuku, Mandeok aliomba aone mji mkuu na milima ya Geumgang, ilhali wakati huo wanawake wa Jeju walikuwa wamekatazwa kuvuka bahari. Mimi sikumfuata Mandeok, kwa kuwa amekwisha kuandikwa sana. Nilitaka kujua nafaka ya serikali ilikopeshwa kwa utaratibu gani, nani alidaiwa baada ya njaa kupita, na waliodaiwa walilalamika kwa maneno gani. Nilipomaliza shahada ya uzamivu sikuwa na ajira ya kudumu wala idara ya kunilipia nauli. Andiko langu la kuomba ufadhili wa kwenda Korea lilikataliwa mara 2, likakubaliwa mara ya 3. Mada ilikuwa ileile na mwombaji alikuwa yuleyule, kwa hiyo nitaeleza kilichobadilika katikati.

Mara ya kwanza nilifanya kama afanyavyo mtu mwenye njaa sokoni: niliomba kila palipokuwa na harufu ya fedha. Nilipoteza wiki 2 nikijaza fomu za Global Korea Scholarship, ufadhili wa serikali ya Korea, kabla ya kuelewa kwamba fomu zile ni za watu wanaokwenda kusomea shahada. Anayeupata huanza kwa mwaka mmoja wa lugha ya Kikorea, isipokuwa awe tayari amefikia ngazi ya 5 au ya 6 ya TOPIK, mtihani wa kupima ujuzi wa Kikorea, kisha huingia chuoni. Ni mlango mzuri kwa mwenye shahada ya kwanza anayetafuta uzamili, au mwenye uzamili anayetafuta uzamivu, na ningekuwa na miaka 10 pungufu ningeuanza huo. Kwangu mimi, niliyekwisha kutetea tasnifu, njia hiyo haikuwa na maana. Nilijifunza kuanza kusoma tangazo la ufadhili kutoka mwisho, pale wanapoeleza nani haruhusiwi kuomba, kabla ya kufurahia aya ya kwanza inayomkaribisha kila mtu.

Nilipoanza kuchuja, orodha ilipungua haraka. Korea Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1991 na ambayo tangu 2018 makao yake makuu yapo Seogwipo, kisiwani Jeju kwenyewe, hufadhili utafiti wa uwandani, mafunzo ya lugha na kazi za baada ya uzamivu. Kila kimojawapo kina masharti yake, na si busara kuyachanganya. Taasisi Kuu ya Taaluma za Korea, ambayo wengi huiita AKS, iko Seongnam, kusini kidogo mwa Seoul, chini ya mlima Cheonggye, na hupokea watafiti wa kigeni ambao hukaa na kufanya kazi humohumo. Kyujanggak, iliyoanza kama maktaba ya kifalme ya Jeongjo mwaka 1776 na sasa ni taasisi ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, nayo huwaalika wasomi wa nje. Chama cha Taaluma za Asia cha Marekani, AAS, kilichoanzishwa mwaka 1941, kina baraza la Asia ya Kaskazini-Mashariki linalotoa ruzuku ndogo za safari za utafiti, lakini nyingi huwalenga walio na makazi au kazi Marekani, nami sikuwa mmoja wao. Kituo cha kimataifa cha taaluma za Asia, IIAS, cha Leiden, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1993, kinamfaa mwenye data tayari anayetaka utulivu wa kugeuza tasnifu kuwa kitabu. Mwenzangu aliyekuwa anatafiti Japani alielekea JSPS, shirika la Japani la kukuza sayansi, ambako hesabu ni ya miaka 6 tangu kupata uzamivu, na mwingine wa taaluma za China akaomba kwa wakfu wa Chiang Ching-kuo wa Taipei. Neno “msomi chipukizi” halina maana moja. Kuna wanaohesabu miaka tangu siku ya kutunukiwa shahada, kuna wanaotazama kama una ajira, na kuna wasiojali ilimradi hujawa profesa. Mimi niliiandika tarehe iliyo kwenye cheti changu kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza, nikaanza kupiga hesabu ya milango itakayofungwa kwanza.

Kukataliwa mara ya kwanza kulikuja bila maelezo. Mara ya pili mfadhili, ambaye sitamtaja, alinitumia maoni ya watathmini. Yalikuwa mistari michache tu, lakini yalinifaa kuliko semina zote za uandishi wa maandiko nilizowahi kuhudhuria. Mtathmini mmoja aliandika, kwa maana yake, kwamba kumbukumbu za nasaba ya Joseon, ukoo wa kifalme wa Jeongjo, zinasomeka mtandaoni bure, katika Kichina cha kale na katika tafsiri ya Kikorea cha leo. Kwa nini basi mwombaji asizisome hapo alipo? Mwingine aliona kwamba katika ukurasa mmoja nimeiandika nasaba hiyohiyo “Chosŏn” na “Joseon”.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa linaonekana dogo. Kikorea kina taratibu mbili zinazojulikana sana za kukiandika kwa herufi za Kilatini: ule wa McCune na Reischauer wa mwaka 1939, ambao wanahistoria wengi bado wanaupenda, na ule wa serikali ya Korea wa mwaka 2000. Hakuna anayekunyima fedha kwa sababu umechagua huu ukaacha ule. Lakini ukichanganya, mtathmini anaona mtu aliyenakili kutoka vitabu mbalimbali bila kurudi kwenye neno lenyewe la Kikorea. Niliudhika siku nzima, kisha nikafungua andiko na kukuta majina 11 yaliyochanganywa.

Swali la kwanza lilikuwa zito zaidi, na lilikuwa la haki. Andiko langu lilisema kwamba “nyaraka muhimu zinapatikana Korea”. Sentensi hiyo haimwambii mtu chochote. Kumbukumbu za wafalme zimo mtandaoni kweli. Shajara ya serikali iitwayo Ilseongnok, iliyotokana na shajara ya Jeongjo mwenyewe, imehifadhiwa Kyujanggak, na mengi yake nayo yanapatikana kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeyasoma nikiwa kwenye kiti changu, na tasnifu nilikuwa nimeiandika kutokana na hayo. Sasa nilikuwa naomba nauli ya kwenda kusoma nilichokwisha kukisoma.

Nilikaa karibu mwezi mmoja nikijiuliza ni kitu gani hasa kilikuwa kinanikwama. Jibu lilikuwa kwenye folda ya picha niliyokuwa nimeiacha kwa uvivu. Mle mlikuwa na malalamiko ya watu wa kawaida kwa hakimu wa wilaya, hati ambazo Wakorea huziita soji. Soji ni karatasi ya ajabu, kwa sababu kesi nzima imo juu yake. Mlalamikaji anaeleza shida yake upande wa kulia. Hakimu anaandika uamuzi wake chini, upande wa kushoto, kwa mwandiko mkubwa wa kukimbiza kalamu, kisha karatasi inapigwa muhuri mwekundu na kurudishwa kwa mwenyewe, ndiyo maana nyingi zimesalia mikononi mwa koo na si katika kumbukumbu za ikulu. Mwandiko wa hakimu ni ule wa mkato, ambao herufi moja hubaki mikunjo 2 au 3 tu, na sentensi zimechanganywa na idu, yaani herufi za Kichina zinazotumika kuandika viambishi vya Kikorea, mtindo ambao makarani waliujua na wasomi wa leo hufundishwa kwa mdomo, kando ya karatasi. Tena picha zangu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Muhuri mwekundu ulipoangukia juu ya wino, katika picha vyote viwili vilikuwa doa moja.

Hapo nikaandika upya aya ya kwanza ya andiko. Ilikuwa inaanza na umuhimu wa historia ya njaa duniani, niliifuta yote. Mpya ilianza na soji moja ya ukoo wa Jeju, mtu anayedai kwamba anadaiwa nafaka ya mkopo iliyokwisha kulipwa, kiasi cha seok 10, seok kikiwa kipimo cha kale cha nafaka. Nikaeleza kwamba mistari 2 ya uamuzi siwezi kuisoma, nikataja sababu 2: rangi ya muhuri haionekani, na sina mwalimu wa mwandiko huo. Niliogopa kukiri kwamba kuna kitu siwezi kukisoma, kwa kuwa tumezoea kuandika maandiko kana kwamba tunajua kila kitu na tunaomba fedha za kuthibitisha tu. Naamini sasa kwamba kukiri huko ndiko kulikonipatia ufadhili, maana ndiko kulikoeleza kwa nini lazima niwe Seongnam na si kwingine. Hifadhi ya Jangseogak, iliyo ndani ya AKS, ina mkusanyo mkubwa wa nyaraka za koo na watu wanaozisoma hati za aina hiyo kila siku.

Mwenyeji nilimpata kwa njia ndefu. Chama cha Taaluma za Korea barani Ulaya, kilichoundwa London mwaka 1977, hufanya kongamano kila baada ya miaka 2, na huko nilikuwa nimetoa mada mbele ya watu wasiozidi 15. Mmoja wao alikuwa mtaalamu wa hati za kale. Nilimwandikia barua pepe fupi kwa Kikorea, nikamwita seonsaengnim, yaani mwalimu mheshimiwa, nikaambatisha picha moja tu na swali moja tu kuhusu herufi moja. Alijibu baada ya siku 3, na majibizano yetu kuhusu herufi yaliendelea miezi kadhaa kabla sijathubutu kutaja ufadhili. Nilipomwomba awe mwenyeji wangu alishangaa kwamba sikuwa nimemwomba mapema. Waombaji wengi hutuma barua ya kuomba mwenyeji wiki 2 kabla ya mwisho wa kupokea maombi, wakiwa na wasifu wa kurasa 6. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara ya kwanza, na sikujibiwa.

Kuhusu wadhamini sina mengi. Niliwapa wiki 6, nikawatumia andiko kamili pamoja na maoni ya watathmini waliolikataa, ili barua zao zijibu hoja ileile. Mmoja hakupenda kuyaona maoni hayo. Barua yake ilikuwa nzuri hata hivyo.

Siku ya kutuma nusura niharibu. Saa ya mwisho iliyotajwa ilikuwa ya Seoul, ambayo imetangulia saa ya Greenwich kwa saa 9, na mimi nilikuwa nimeiweka kwenye kalenda kama saa ya huku. Fomu moja ilikuwa faili la hwp, la programu ya Kikorea ambayo kompyuta yangu haikuwa nayo. Niliifungua kwa programu nyingine, majedwali yakaparaganyika, na nikayapanga upya kisanduku baada ya kisanduku. Jina langu nililiandika kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, kila mahali, kwa kuwa Wakorea hutanguliza jina la ukoo na ni rahisi kujikuta wewe ni watu 2 kwenye mafaili. Maombi yalifika ikiwa imesalia chini ya saa 1.

Nilipokubaliwa nilidhani shida zimekwisha. Mgeni anayekaa Korea zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha uhamiaji ndani ya siku 90 tangu aingie, na bila kadi ya ukaazi sikuweza kufungua akaunti ya benki iliyofaa kupokea posho. Mfadhili alikuwa tayari kulipa. Mimi ndiye sikuwa na pa kupokelea. Wiki za mwanzo niliishi kwa fedha nilizokopa kwa ndugu. Bajeti yangu ilikuwa na nauli, chumba na vitabu, lakini haikuwa na mwezi wa kwanza, na huo ndio uliokuwa mgumu kuliko yote.

Kusoma kulianza wiki ya 2. Mwalimu alikuwa na kawaida ya kutosema chochote mpaka mwanafunzi ajaribu mwenyewe, hata kama kujaribu kwenyewe ni dakika 20 za kimya juu ya herufi moja. Siku niliyoletewa ile soji yangu, ile niliyoanzia nayo andiko, iliwekwa juu ya karatasi laini na nikaambiwa nisiiguse bila idhini. Muhuri ulikuwa mwekundu kuliko nilivyotarajia. Chini yake wino wa tarakimu ulionekana wazi, na mkia wa mstari wa wima ulipinda kuelekea kulia, jambo ambalo katika picha lilikuwa limemezwa na doa. Katika Kichina, mkia huo ndio unaotenganisha 7 na 10. Aliyekuwa akilalamika alidaiwa seok 7, na ile 10 iliyokuwa kwenye aya ya kwanza ya andiko lililoniletea fedha haikuwa sahihi. Nilimwonyesha mwalimu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaniambia niliandike kosa hilo kwenye ripoti ya mwisho, tena ukurasa wa kwanza. Niliandika.