Nilivyojifunza Mwendo wa Tölt kwa Farasi wa Iceland

Mwalimu wangu, huku kaskazini mwa Ujerumani ninakoishi, hakunipa hatamu mpaka aliponieleza asili ya mnyama mwenyewe, nami nashukuru kwa hilo. Farasi wa Iceland ni uzao wa farasi walioletwa kisiwani na walowezi katika karne ya 9 na ya 10, na kwa kuwa kwa karne nyingi hawakuchanganywa na damu ya nje, wamehifadhi tölt, mwendo ambao farasi wengi wa Ulaya hawana. Hata leo farasi anayetoka Iceland haruhusiwi kurudi, awe bingwa wa mashindano au vinginevyo, kwa hofu ya kuingiza maradhi.

Kimo chake begani ni kama sentimita 130 hadi 145 tu. Hata hivyo ana mifupa imara, singa nyingi na manyoya mazito ya majira ya baridi, na humbeba mtu mzima bila taabu.

Katika mwendo wa matiti, yaani farasi anapokimbia taratibu kwa midundo miwili, miguu miwili ya mshazari hugonga ardhi kwa pamoja, na ndiyo maana mpandaji hurushwa. Katika tölt kila mguu hugonga peke yake, midundo minne iliyolingana, wala hakuna wakati ambapo miguu yote iko hewani. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa badiliko katika jeni ya DMRT3 linahusika na uwezo huo. Kwa mpandaji, ni mwendo wa haraka na mtulivu kama telki ya punda.

Nilianza kwa kumtembeza, nikikaa wima na kumbana kidogo kwa miguu, huku nikizivuta hatamu kwa wepesi ili nguvu ile isiishie kwenye matiti. Mwalimu alinitaka nisikilize kwato badala ya kuzitazama, na kila midundo minne ilipogeuka miwili nilimrudisha kwenye kutembea, kisha nikaanza upya. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kwamba farasi niliyepewa alipenda kuitupa pamoja miguu ya upande mmoja. Ilibidi kwanza nimlegeze kwa matiti juu ya fito zilizolazwa chini, kisha kwa shoti fupi, ndipo mgongo wake ulainike. Naamini zoezi hilo ndilo lililofungua njia, kuliko nguvu yoyote ya mikono.

Sasa naweza kupita naye njia za msituni kwa tölt, nikipunguza na kuongeza kasi bila mdundo kuvunjika, na mgongo wangu, ambao uliniuma kila nilipopanda farasi wa mwendo wa matiti, haunisumbui tena.