Lipiko la kuvaliwa halichongwi kwa mpingo

Lipiko ni barakoa ya kuchezea ngoma ya Wamakonde; yakiwa mengi ni mapiko. Ukikuta lipiko la mpingo dukani, jua ni la kutundika ukutani. Mpingo hata majini unazama, na mapiko huchezwa kwa kutikisa kichwa na shingo; nani ataliweza? La kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi. Msufi mwitu unafaa sana.

Gogo hukatwa bichi na kuchongwa likiwa bado na maji, kwa shoka kwanza, kisha tezo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiini cha mti lazima kiangukie sehemu itakayochimbwa. Kikibaki usoni, ufa utapita katikati ya pua. Sura ikishatoka, chimba ndani kwa patasi na kisu mpaka ukuta ubaki kama unene wa kidole kidogo, uwe sawasawa pande zote. Penye unene panachelewa kukauka, penye wembamba panawahi, zinavutana, linapasuka. Likaushe kivulini, limefukiwa kwenye vumbi lake la kuchongea. Jua la mchana Newala halitaki hata siku mbili kulimaliza.

Lipiko la kofia, lile la ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huvaliwa likiwa limelala kwa nyuma, na mchezaji huona kupitia mdomo. Fundi akiuziba mdomo ili ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, ipendeze, amempofusha mchezaji. La upande wetu mara nyingi ni la usoni tu: matundu ya macho, na vitobo vya kamba pembeni.

Nembo za mashavuni, yaani chale, huchorwa kwa vipande vya nta ya nyuki. Mbao ikiwa na unyevu, nta inabanduka. Ukilitundika chini ya bati la moto, inateleza. Nywele ni za mtu kweli, zimebandikwa kwa nta hiyohiyo. (Wachokwe wa Angola, Kongo na Zambia, kwenye mwana pwo, barakoa yao ya sura ya mwanamke, hutumia nyuzi zilizosokotwa. Hazina shida ya joto.)

Ukiuziwa lipiko "la zamani", geuza uangalie ndani. Lililovaliwa lina jasho: mbao ya penye paji imelainika na kung'aa. La kuzeeshwa kwa rangi ya viatu huzeeka nje tu, ndani alama za patasi bado mbichi. Na likiwa la zamani kweli, uliza limetokaje. Lipo moja lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, likaishia kwenye makumbusho ya Geneva, na Tanzania haikukabidhiwa hadi 2010.