Tarakimu mbili za mzee

Leo Jumamosi, chini ya mwembe hapa Isevya, Tabora, wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera (1978–1979) wamefanya kikao chao cha mwezi.

Michango imechukua dakika chache. Shilingi 2,000 kila mmoja, daftari likasomwa kwa sauti, sanduku likapigwa kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna ruhusa ya kumwachia mwenzako ufunguo wako.

Muda mwingi umeishia kwenye karatasi.

Cheti kimoja cha utumishi jeshini kimekunjwa mara nne miaka yote hii. Mikunjo inapokutana pametoboka, na tundu limekula tarakimu mbili za namba ya jeshi.

Mbili tu!

Mzee alikuwa akilipapasa lile tundu kwa kidole, haongei.

Jamani, tuwasaidie wazee wetu. Hati isikunjwe. Ilazwe kwenye faili la plastiki, juu kabatini, na kabati lisiguse ukuta, maana mchwa wetu hupandia hapo. Msikimbilie kuipiga lamineshoni: joto likiharibu wino wa zamani, basi tena. Toeni nakala kwanza, wakili azithibitishe.

Halafu linganisheni majina na kitambulisho cha taifa (cha NIDA), herufi kwa herufi. Yakipishana, hati ya kiapo iandaliwe mapema, mzee akiwa bado na nguvu ya kwenda mwenyewe. Baadaye mzigo huo humwangukia mjane.

Kwenu hati za mzee zinakaa wapi? Niambieni hapa chini.