Tafakari ya wiki: redio yetu ikisherehekea miaka yake, tusiruke ile miaka mibaya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae kwenye 1 Samweli 7:12, mstari tunaoupenda wote, pale Samweli anachukua jiwe analisimamisha kati ya Mispa na Sheni analiita Eben-ezeri, yaani jiwe la msaada, anasema "Hata sasa BWANA ametusaidia." Nimeuchagua kwasababu ndio unaoandikwa kwenye bango kila redio ya injili inapotimiza miaka kadhaa, iwe ishirini iwe hamsini, keki inakatwa, kwaya inaimba, mgeni rasmi anasoma hotuba, na kwenye hotuba utaskia tulianza na mtambo mdogo na leo tunaskika mpaka mbali, amina, makofi. Sina ugomvi na keki jamani. Ila historia inayosomwa siku hiyo inakuwaga ya kupanda tu, kila mwaka afadhali kuliko uliopita, na ukimuuliza fundi aliyekuwepo tangu mwanzo atacheka.

Sasa rudi sura ya 4 ya kitabu hicho hicho. Eben-ezeri inatajwa mstari wa kwanza kabisa, Israeli wamepiga kambi hapo, na wakapigwa vibaya, kwanza watu kama 4,000 alafu tena 30,000, sanduku la Mungu likabebwa na Wafilisti, wana wawili wa Eli wakafa siku hiyo. Likaja kurudi, likakaa Kiriath-yearimu miaka 20 watu wakiomboleza. Kwahiyo Samweli aliposimamisha lile jiwe, wazee waliokuwepo jina la Eben-ezeri walikuwa wanalijua tayari kwa kilio. Hakutafuta jina lingine lisilo na kumbukumbu mbaya.

Historia ya redio nayo imejaa sura ya 4, tatizo hatuisimulii. Chukua kituo cha injili cha HCJB, Quito kule Ecuador, ilianza kurusha siku ya Krismasi 1931 na mtambo wa wati 250, wakati huo watu wenye redio za kupokelea nchini mule walikuwa wa kuhesabu. Yaani watu wamejenga kituo na wasikilizaji hawapo! Hiyo sehemu huwa inasimuliwa maana inapendeza. Inayorukwa ni ya miaka ya 1940, walipoongeza nguvu ya mtambo alafu antena zikaanza kuungua. Quito iko juu sana, karibu mita 2,850 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kwenye zile ncha za antena umeme ulikuwa unavuja unaruka hewani unatoa moto, ncha za alumini zinayeyuka na vipande vinadondoka chini. Fikiria umemaliza kuombea mtambo mpya, umeuwasha, na usiku unaona ncha za antena zinawaka. Fundi wao, Clarence Moore, akakaa na vitabu vyake na maombi mpaka akaja na antena ya umbo la mraba, waya unazunguka na kujirudia, kwahiyo hakuna ncha iliyo wazi ya moto kutokea. Antena ya namna hiyo mafundi wa redio wanaitumia mpaka leo na wengi wao hata hawajui ilitoka kwenye kituo cha injili. Mimi nikiisoma hiyo habari namwona Mungu zaidi kwenye ule moto kuliko kwenye hotuba yoyote ya mgeni rasmi, mnisamehe.

Na tukiwa kwa mafundi, ibada ya kanisa inayohesabiwa kuwa ya kwanza kurushwa redioni ni ya tarehe 2 Januari 1921, Calvary Episcopal Church ya Pittsburgh Marekani, kupitia kituo cha KDKA. Inasimuliwa kuwa mafundi wawili walivalishwa majoho ya kwaya ili waumini wasibaki kuwashangaa, mmoja Mkatoliki mwingine Myahudi, wamekaa na vifaa vyao humo humo kati ya waimbaji. Huwa nacheka nikiwaza, lakini ndivyo ilivyo mpaka leo, mtangazaji jina lake linajulikana mtaa mzima, ila yule anayeamka usiku jenereta ikizima hata kwenye picha ya sherehe hayumo.

Kuna vituo ambavyo sura ya 4 ilikuja na haikuondoka. Radio Voice of the Gospel ya Addis Ababa, ya Shirikisho la Walutheri Duniani, ilianza 1963, ikarusha kwa lugha nyingi Kiswahili kikiwemo, na Machi 1977 serikali ya wanajeshi ya Ethiopia ikaichukua yote, mitambo, majengo, na jina likabadilishwa. Miaka 14 imeishia hapo. Wewe ungekuwa umefanya kazi pale ungesema nini? Mimi nadhani ningelalamika miezi. Lakini Paulo kwenye Warumi 10:17 anasema "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo", na waliokwisha kusikia walikuwa wameshasikia, wako majumbani kwao huko na hakuna askari wa kwenda kulitoa neno masikioni mwao. Nyie mnaofanya kazi redioni mnajua hii vizuri, unaongea na kipaza sauti chumbani peke yako, huoni mtu, unamaliza kipindi unaenda zako.

Kwahiyo kwa wenzetu wanaojiandaa na sherehe ya kituo chao, nina maombi mawili matatu. Kwenye risala wekeni ule mwaka mishahara haikutoka, na mwezi ambao radi ilipiga mkakaa kimya hewani, na aliyetoa hela mkarudi. Mwiteni fundi mitambo apewe maiki, asiandikiwe cha kusema. Mtafuteni na yule mama aliyekuwa anafungua barua za wasikilizaji kabla ya simu, maana huyo ana historia kuliko mkurugenzi.

Alafu zile kanda za zamani zilizoko stoo. Zaburi 78:4 inasema "Hayo hatutawaficha wana wao", na sisi tunawaficha kwa uvivu tu, manake utepe wa sumaku unaharibika kwa joto na unyevu, unashikana, unatoa ungaunga, na mashine za kuuchezea zinazidi kuadimika. Vijana wa kanisa wanaojua kompyuta wapo, hawana kazi Jumamosi mchana. Waanze na zile zisizo na lebo, ndizo zinazotupwa kwanza.