Usiutupe mfupa wa dome

Muuza samaki wangu hapa Mombasa akinisafishia dome, yule jamaa wa ngisi na pweza, namwomba aniwekee ule mfupa mweupe wa mgongoni. Wafugaji wa kasuku wanaujua, ndege hunolea mdomo. Mimi nautakia jambo jingine: ule si mfupa, ni gamba.

Uvunje uutazame juani. Utaona tabaka nyembamba zimepangana, na kati yake vinguzo vidogo mno vya chokaa vimesimama na kuacha uwazi. Dome akiwa hai, uwazi huo una gesi na maji. Akitaka kuwa mwepesi huyavuta maji yatoke. Akitaka kuzama huyarudisha. Ndiyo maana hutulia katikati ya maji bila kuhangaika, na akishakufa mfupa wake huelea mpaka ufukweni.

Wahenga wa dome, ngisi na pweza walilibeba gamba hilo nje ya mwili, lina vyumba vivyo hivyo. Pweza amelipoteza karibu lote. Ngisi amebakiwa na kile kijiti kinachopenya mwanga kama plastiki, tunachokichomoa jikoni. Amonaiti, jamaa zao wa baharini wa zamani, wao hawakuliacha gamba la nje, wengi wakiwa nalo limejiviringa, hadi walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dinosaria. Kwa sura gamba lao linafanana na la nautilasi, mnyama wa Pasifiki ambaye hadi leo ana gamba la nje, lakini kwa nasaba wako karibu zaidi na huyu pweza tunayempika kwa nazi.

Na visukuku vya amonaiti, yaani mabaki yao yaliyogeuka mawe, viko hapa hapa kwetu! Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ila ukivuka kwenda Changamwe unakuta mwamba wa kijivu unaomeguka vipande vipande. Lilikuwa tope la bahari ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, na ndani yake mna amonaiti. Mwanasayansi Mjerumani Beyrich aliandika habari za amonaiti wa Mombasa mwaka 1877. Sisi tuliozaliwa juu ya mwamba huo tulimaliza shule bila kuonyeshwa hata mmoja. Hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo fundi, ukichimba msingi au shimo la choo upande huo ukakuta jiwe la mviringo lenye mbavu mbavu, tafadhali usilipige nyundo. Visukuku vinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Lipige picha kabla hujaling'oa, kwa kuwa tabaka lilimolala ndilo linalowaonyesha wataalamu umri wake, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho pale Fort Jesus.